Baba Hakukata Simu

Placetas, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada Idalmis,

Hapana. Hakukata. Hilo ndilo jibu lako, na nimelitanguliza kabla hata ya salamu kwa sababu nakujua: barua yangu unaweza kuichana ukifika mstari wa tatu. Sasa ichane ukitaka, umeshalisoma. Baba hakukukatia simu. Shika hilo kwanza, mengine yote ni maelezo.

Haya, sasa tusalimiane kama watu. Hujambo dada? Mgongo wako vipi, ule ulioharibika kwa kuwageuza wagonjwa wazito? Huko Tampa unalala usingizi wa kutosha, au bado unafanya kazi ya watu wawili? Mimi ni mzima, nimenenepa shavu moja, ila hilo ni jino bovu. Nereida jirani anakusalimu, na goti lake linakusalimu pia, maana siku hizi hawaachani. Anayekuletea barua hii ni Yamila, mtoto wa dada yake Nereida, alikuja kuwaona na sasa anarudi huko kwenu. Nimemwambia aiweke ndani ya sidiria kwa sababu mabegi hupotea. Mfungulie mlango, ni binti mwema, ila akianza kukuonyesha manukato mwambie huna pua.

Unajua mimi na kalamu hatujawahi kupatana. Mwalimu wetu aliniambia nikiweza kuandika jina langu inatosha, mengine niyaseme kwa mdomo, maana mdomo ninao. Lakini nitafanyaje? Umenifungia njia zote. Nikipiga hupokei. Nikiandika ujumbe unabaki na tiki moja, umesimama kama mtu wa mguu mmoja, siku zinapita. Basi nimeomba karatasi kwa mtoto wa shule na nimekaa jikoni. Baba yupo sebuleni, amesinzia kwenye kiti chake. Hajui ninachoandika. Anadhani naandika hesabu za biashara, aliguna kabla hajasinzia.

Tusijifanye hatujui tulikotoka. Ulipelekwa Venezuela na serikali kama muuguzi, ukatoroka kazi, ukavuka mpaka ukaenda zako, na adhabu yake inajulikana: miaka minane usikanyage hapa. Katikati ya hiyo miaka mama akafa, tukamzika mimi na baba na majirani. Mwaka huu adhabu imeisha. Ukaniambia unaweza kuja, nauli si tatizo, karatasi si tatizo, tatizo ni mtu mmoja. Ukasema hukanyagi mlango wa nyumba hii mpaka baba mwenyewe, kwa mdomo wake, aseme atakupokea. Siyo mimi niseme. Yeye. Nilikuelewa, dada. Hata mimi nisingejiamini.

Sasa shida ilikuwa namna ya kuwakutanisha. Wewe hukuona mambo yalivyokuwa walipoleta intaneti bustanini pale mbele ya kanisa. Mji mzima ulihamia kule. Watu wamekaa chini ukingoni mwa barabara, kila mtu na simu yake usoni, analia, anacheka, anaomba viatu. Mtu anamwambia mumewe aliye Hialeah, huko kwenu, namba ya mguu wake na bustani nzima inaijua. Ndipo mke wa kinyozi alipoachika, pale pale, sisi sote tunasikiliza, na alipomaliza mzee mmoja akamwambia pole mwanangu, na mimi huyo mumeo sikumpenda tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nauza kadi za kuingilia mtandaoni. Napita karibu na watu, midomo imefungwa, "kadi, kadi, kadi", kama mtu anayesali rozari. Polisi akitokea, mimi ni mtu anayependa njiwa.

Baba hawezi kwenda bustanini. Miguu imevimba, na macho yameingia ukungu, anaona mwanga na kivuli, uso anaujua kwa umbo tu. Nikamwambia nitamkodia gari la farasi. Akasema yeye alikuwa msimamizi wa mitambo kiwanda cha sukari, hawezi kupelekwa kanisani kwa farasi akaongee mambo ya nyumbani kwake mbele ya wauza karanga. Nikamwambia kwamba wewe, dada, umekubali kuongea naye. Akanyamaza. Nereida alikuwepo, akaniambia baadaye kwamba mzee akinyamaza hivyo ujue ameitikia, kwa sababu akikataa hutukana.

Basi nikasema kama mzee haendi kwenye mtandao, mtandao utamwendea mzee.

Antena niliipata kwa Rigo, yule fundi mwembamba mwenye ukucha mmoja mrefu. Iliingia nchini ndani ya begi, imeviringishwa nepi za mtoto, kwa sababu ni marufuku. Kitu cheupe, kirefu kama kiatu cha askari, ukikiona utasema hakina maana yoyote. Nilibadilishana naye kwa nguruwe. Ndiyo, yule nguruwe wa mwisho wa mwaka. Baba aliposikia aliuliza antena inachomwa kwa ndimu au kwa machungwa.

Tukapanda juu ya paa, mimi na kile kitu. Rigo akabaki chini na kompyuta yake akinielekeza. Unatakiwa uielekeze antena kwenye nguzo ya bustanini, ile wanayorushia intaneti, sawasawa kama mtu anayelenga ndege kwa manati. Kidole kimoja tu ukikosea umeipeleka makaburini. Rigo anapiga kelele: "Kushoto! Kushoto, we punda! Kushoto ya mtu, siyo ya ng'ombe!" Nami namjibu kama anajua sana apande yeye. Nereida yuko juu ya paa lake, hapo pembeni, anaanua nguo, anaangalia. Akauliza tunafanya nini. Rigo akasema tunafukuza popo. Nereida akasema sawa, ila yeye pia ana popo, na mjukuu wake yupo Madrid, kwa hiyo tukimaliza tumkumbuke.

Halafu waya ukashuka dirishani mpaka sebuleni, ukaingia kwenye kiboksi kidogo chenye taa. Rigo alinieleza vizuri, nami nikamweleza baba kama ni maneno yangu: antena ile ya juu ni sikio, linasikiliza bustani, kiboksi hiki ni mdomo, kinarudia humu ndani kile sikio lilichosikia, na simu zote za nyumbani zinasikia bila waya. Baba akasema nyumba hii midomo ilikuwa tayari inatosha.

Kupanga kile kiboksi kulituchukua mchana mzima. Kwanza kubadilisha neno la siri ambalo kiboksi hutoka nalo dukani, kwa sababu Rigo anasema lile kila mwizi analijua. Pili kuchagua njia ya hewani, maana viboksi vya mtaani vyote vimejazana njia moja, kama wahubiri watatu kwenye kona moja, hakuna anayesikika. Tukahamia njia ya kando. Tatu jina. Rigo akasema niweke jina ambalo mtu hatalitamani. Nikauita mtandao wetu Kaswende. Niliona nimefanya akili. Kufika jioni nusu ya mtaa ilikuwa mlangoni. "Osmel, kijana, nipe kaswende kidogo nimwone mwanangu." "Osmel, kaswende yako inafika mpaka kwangu, ila dhaifu." Baba yuko kwenye kiti anasikia yote. Akasema hii ilikuwa nyumba ya watu wa heshima.

Nilifurahi siku ile, dada, sikufichi. Rigo alipima kila kona ya nyumba, hata chooni, alama zote zimejaa. Akasema hajawahi kuona kazi safi hivyo.

Sasa sikiliza, hapa ndipo kosa lilipo, na ni kosa ambalo wewe wa Tampa umeshasahau namna ya kulikosea. Maji yalikuwa hayaji. Pampu ya mji ilikuwa imekufa, tukawa tunachota kwa ndoo kwenye gari la farasi linalopita, tunaoga kwa kopo. Matangi yote ya mapaani yalikuwa makavu mpaka buibui wamejenga. Na tangi la Nereida, lile jeusi kubwa la plastiki alilonunuliwa na mwanawe, limekaa juu ya paa lake katikati kabisa, kati ya antena yangu na ile nguzo ya bustanini. Nililiona. Rigo aliliona. Nilimuuliza kama haliwezi kutuzuia. Akaligonga kwa ngumi, likalia buu, akasema plastiki ni kama pazia tu, mawimbi yanapita. Na kweli yalipita. Nani ana muda wa kufikiria maji kwenye mji ambao hauna maji?

Jumapili ile ya simu nilimnyoa baba mwenyewe. Alitaka shati lake jeupe, lile alilovaa alipopewa nishani. Akaniuliza kama linaonekana limepigwa pasi. Nikasema ndiyo. Akaligusa kola, akasema hapana, nikalipiga tena. Simu nikaiegemeza kwenye kopo la sukari mbele yake. Ukatokea.

Yaliyofuata mwanzoni unayajua. Mlivyokaa kimya mmoja anamsubiri mwenzake, mpaka nikataka kuimba. Kisha ukaanza habari za miguu yake, ukamwambia ainyanyue, apunguze chumvi, na yeye akawa anaitikia kama mtoto, ndiyo, ndiyo. Akakuuliza kama unakula. Mimi nikaenda jikoni kupika kahawa, kwa sababu kuna mambo mtu hatakiwi kuyatazama usoni. Ila masikio sikuyaziba.

Na hapo ndipo kelele ilipoanza nje. "Maji! Maji yamekuja!" Umesahau inavyokuwa? Mtaa mzima ulikurupuka. Milango, ndoo, watoto, mbwa. Mtu anamwita mwenzake mjinga wee fungua bomba kabla hayajakatika. Nereida alishuka ngazi kama msichana, goti sijui aliliacha wapi, akawasha mota yake, ikaanza kunguruma kupandisha maji juu. Mimi nikaziba dirisha la jikoni ili baba akusikie.

Nikakusikia ukiuliza. Sauti yako ilikuwa imebadilika, siyo ya muuguzi tena. Ulisema: "Baba, miaka yangu imekwisha. Nikija, utanifungulia?"

Yeye unamjua. Hajawahi kujibu kitu papo hapo, hata ukimuuliza kama anataka kahawa, anafikiri kwanza kama vile mtambo utalipuka akikosea. Huo muda aliotumia kufikiri, dada, ndio muda maji yaliyotumia kupanda kwenye tangi mpaka usawa wa antena. Wewe uliona uso wa baba umefunga mdomo, ukaganda hivyo hivyo, halafu giza. Ukasema ndilo jibu. Hata mimi ningesema.

Mimi nilipotoka na kahawa niliukuta uso wako kwenye kioo cha simu, mdomo nusu wazi, jicho moja limefumba kama mtu anayetaka kupiga chafya. Umeganda. Na baba anauongelesha. Yeye anaona umbo tu, anaona bado upo, anajua unasikiliza. Aliyoyasema nitakuandikia, usiruke mistari. Mimi nilisimama na kahawa mikononi, nikashindwa kumkatiza. Kisha kioo kikazimika.

Nikamwambia baba, imekatika. Akauliza lini. Nikasema muda si mrefu, labda tangu wewe ulipouliza, na kwamba hukumsikia. Akageuza uso kunitazama, na wewe unajua hanioni, lakini alinitazama. Akasema mashine hii imefanya kazi tangu asubuhi, mtaa mzima umeangalia mpira, Nereida ameongea na Madrid mpaka mjukuu amesinzia, halafu ikatike pale tu mimi nilipofungua mdomo? Akasema: "Amesikia. Amesikia yote, kisha amekata. Ana haki."

Nikaapa kwa kaburi la mama. Akaniambia nimwache mama apumzike.

Kesho yake nikaenda bustanini, ujumbe wako ukaingia. Nimeuhifadhi: "Nimemuuliza na amekata. Nimeelewa. Usinitafute tena, Osmel." Dada, nilikaribia kuruka kwa furaha! Nilikimbia mpaka nyumbani kama mwizi. Nikamsomea. Nikamwambia, "Unaona, baba? Idalmis anadhani wewe ndiye uliyekata, hakusikia hata neno lako." Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu. Akasema, "Sauti yako, maneno yako, na uongo ni wako. Umeanza kunidanganya ukiwa na meno ya maziwa, mwanangu. Leo unanidanganya kwa wema, asante." Nikamwita Nereida aje asome yeye. Akasoma, na miwani na kila kitu. Baba akamshukuru vizuri sana, na alipotoka akaniuliza nimemhonga kwa kumpa intaneti bure kuanzia lini.

Sikasiriki. Mtu niliyewahi kumuuzia baba yangu mwenyewe saa yake mwenyewe nitakasirikia nini? Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imefikia sebuleni kwetu.

Habari ya tangi niliigundua baadaye kidogo. Nikaona Kaswende inakufa kila maji yakija na inafufuka kila Nereida akimaliza kufua. Sikuamini. Nikapanda paani kwake, nikaligonga. Halikulia buu. Lilinyamaza kama mtu aliyeshiba. Nikamwita Rigo, akakaa chini juu ya paa, akashika kichwa. Akasema maji yanayanywa mawimbi, hilo linajulikana duniani kote, na yeye alilijua, ila hakuwahi kuona tangi lililojaa tangu aanze kazi hii.

Nikamwambia baba habari ya tangi. Akacheka, dada. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema huo ndio uongo wangu mzuri kuliko wote, nimwambie Nereida auandike.

Nikatafuta bomba refu la chuma, nikainyanyua antena juu kabisa ipite juu ya tangi. Ilipita. Alama zote zikajaa, maji yawepo yasiwepo. Ila sasa ilikuwa inaonekana kutoka kila kona ya mji, na wakaguzi nao wana macho. Walikuja wawili, waungwana, wakaichukua antena, kiboksi, waya, hata lile bomba. Mmoja akauliza mtandao unaitwaje, na nilipomwambia akafuta mikono kwenye suruali. Kadi nazo nimeacha kuuza kwa sasa. Nauza mapera, nakuuzia sabuni ukitaka, nauza chochote kisichohitaji paa.

Sasa nikuandikie alichosema. Nimeahirisha vya kutosha, na kahawa imepoa.

Kwanza alisema: "Mlango huo unaouliza, mimi ndiye ninayepaswa kuuliza." Nilidhani sijasikia vizuri. Mimi sijawahi kumsikia mzee yule akiomba kitu, hata chumvi anainyooshea kidole. Kisha akakwambia habari za ule mkutano wa mtaa, mwaka ule ulipoondoka. Wewe uliambiwa kwamba alisimama akasema hana binti. Alikwambia ni kweli. Hakutafuta maneno ya kujifichia. Alisema, "Nilisimama, nikasema kwa sauti, na ndugu wote wa mkutanoni wakapiga makofi, na nilipofika nyumbani nilikaa juu ya kitanda chako nikashindwa kuvua viatu. Mama yako akaja akanivua. Hakuniambia neno. Hakuniambia neno la maana tena mpaka alipokufa, Idalmis. Alinipikia, alinifulia, na hakuniambia neno." Hilo hata mimi sikulijua. Nilikuwa naishi humu humu ndani, nilidhani wamezeeka tu.

Akasema ulivyokatazwa kuja kumzika mama, yeye aliona ni yeye aliyekukataza, kwa sababu laiti asingepiga yale makelele labda mama angeishi. Sijui kama ni kweli. Ninakuandikia alivyosema. Akasema, "Njoo. Usipokuja sitakulaumu. Lakini nijibu tu, mwanangu, nisikie."

Halafu akasubiri. Hapo ndipo mimi nimesimama na kahawa. Akasubiri, uso wako uko pale kwenye kopo la sukari, umefumba jicho moja. Akasema, "Idalmis?" Akasogea mbele, mkono unapapasa mezani. "Idalmis, sema neno. Hata tusi." Nje mota ya Nereida inanguruma, watoto wanarukaruka kwenye maji barabarani, wanapiga vigelegele. Na kioo kikazimika.

Kwa hiyo mambo yako hivi, dada. Wewe upo Tampa unaamini ulimuuliza baba yako na akakukatia. Yeye yupo hapa anaamini alikuomba msamaha na wewe ukamkatia. Kila mmoja anasema mwenzake ana haki. Na kati yenu nipo mimi, mtu pekee duniani anayejua ukweli, na ni mimi, Osmel! Mungu naye ana utani wake.

Kuna jambo moja zaidi, nalo sina namna ya kulichekesha. Tangu Jumapili ile hali vizuri. Anasema ameshiba. Figo zimechoka, miguu inavuja maji, na daktari wa zahanati amenivuta kando akaniambia nisipange mambo ya mbali. Nilimuuliza mbali ni wapi. Akasema Krismasi ni mbali. Baba hajaambiwa, lakini amenipa nishani zake niziuze, na mzee yule nishani zile alikuwa hanipi hata kuzishika. Sijaziuza. Nimezificha juu ya kabati, na nikimwambia sijaziuza haamini.

Usipige simu. Nimeshafikiria. Ukipiga atasema ni mwanamke nimemkodi aige sauti yako, na huo ungekuwa utundu wa aina yangu kabisa, hata mimi ningeshuku. Sauti ya kwenye simu haitoshi tena katika nyumba hii. Lazima aguse. Ana mkono wake wa kushoto unaoona vizuri kuliko macho. Akikushika uso atakujua.

Basi, nisikuchoshe. Nereida anakuletea salamu kwa mara ya pili kupitia dirishani, anauliza naandika kitabu au vipi. Rigo anakusalimu, ameinamisha kichwa. Mtaa mzima unakusalimu, hata wale waliopiga makofi, maana wengi wao siku hizi wana watoto huko huko kwenu. Wabusu wanao kwa ajili yangu, waambie wana mjomba asiye na maana lakini mcheshi.

Sasa tufanye biashara. Sijui kuagana bila kuuza kitu.

Panda ndege ya kuja Santa Clara, mwezi huu, siyo ujao. Mimi nitakuwa pale nje ya uwanja wa ndege. Sitakwambia neno njiani, hata utani. Tutafika, nitasimama nyuma yako, utabisha hodi mwenyewe. Kama baba hatakufungulia, kama nimekudanganya hata kwa neno moja katika karatasi hii, nyumba ni yako yote. Nitakwenda kwa mwanasheria siku hiyo hiyo, nitaandika jina langu vizuri kama mwalimu alivyonifundisha, nitatoka na nguo nilizovaa, na hutaniona tena. Nereida ni shahidi, nimemsomea.

Na kama nimesema kweli, sitaki kitu chochote kutoka kwako isipokuwa hiki. Atakapokushika uso, kabla hamjaanza kulia, kabla hujamtazama miguu yake, mwambie kwa sauti, nami nikiwa pale mlangoni nasikia: "Baba, sikusikia neno lako hata moja. Osmel alikwambia kweli."

Nataka alisikie hilo akiwa bado anasikia. Umekubali?

Mdogo wako,
Osmel